Joka Lisilo na Jicho

Saa tisa usiku, wageni wamelala,
napanda ngazi na kitambaa na kopo la dawa ya shaba
kuyasugua majoka.

Ukumbi huu aliubuni mtu wa mbali, mwenye miwani ya duara.
Alitaka mgeni akitoka kwenye joto la Sathorn
ahisi ameingia ndani ya sanduku la nguo
la bibi wa Kithai.
Ndivyo kilivyoandika kijitabu kilichomo kila chumba,
ukurasa mmoja na bei ya maji.

Basi nguzo ni za msaji,
zimeinamia ndani kidogo, kama kuta za nyumba za zamani.
Taa ni mitego ya samaki ya mianzi
ambayo haijapata kulowa.
Mayungiyungi ya mlangoni dada Orathai huyakunja
petali kwa petali, akipiga miayo.
Na ukuta wa mashariki, toka sakafuni hadi darini,
majoka ya mto, ya shaba, mia sita na kumi na mawili,
mkia kwa kichwa, mkia kwa kichwa.

Kila la kumi na mbili halina jicho.

Mgeni mmoja aliuliza. Nilikuwapo, nimejibanza na ndoo.
Thanakrit wa mapokezi akatabasamu kama alivyofundishwa:
"Ni unyenyekevu, bwana. Mafundi wetu wa kale
waliacha dosari makusudi, wasishindane na mbingu."
Mgeni akasema, aa.
Akapiga picha.

Mimi nalijua lile jicho.

Ni Chonnabot, mwaka wa ukame, nina miaka minne na homa.
Mama anafunga nyuzi, fundo kwa fundo, kabla ya kuzitia rangi,
maana kwetu joka huanzia kwenye uzi, kabla hakijawapo kitambaa.
Fundo ulilolisahau hulioni siku hiyo;
utaliona siku ya kufuma,
limeshakunywa rangi.
Nikalia. Akauacha uzi, akaja na kitambaa cha maji,
akanipoza paji la uso mpaka taa ikafifia.
Aliporudi, mkono ukaruka.

Alipoliona alitaka kukikata chote.
Baba akasema, kosa moja haliachi mke, sembuse nguo.
(Baadaye alimwacha, na kosa hakulitaja.)
Kitambaa kikauzwa kwa mchuuzi, baht elfu moja na mia nane:
sare yangu ya shule, gunia la mchele wa kunata,
chenji ya sabuni.
Kutoka kwa mchuuzi kilipita mikono gani, sijui.
Najua kilifika mjini kabla yangu.

Juzi nilimpigia simu wakati wa mapumziko,
kule nyuma, kwenye kijumba cha mizimu
kilichowekewa soda nyekundu na mrija wake.
Nikamwambia: kosa lako, mama, wamelipiga chapa kwa shaba
mara hamsini na moja.
Kimya. Redio yake. Kuku.
Kisha akacheka hadi akakohoa.

"Hamsini na moja! Na zote ziko pale pale,
hakuna aliyekosea hata mara moja?"

"Hakuna."

"Basi hao si wafumaji."

Akaniuliza kama nimekula.

Sasa ni saa kumi na nusu. Sijamaliza safu ya juu.
Kwenye macho nasugua haraka, yana makali, hukwaruza kidole.
Kwa vipofu mkono hupunguza mwendo wenyewe,
unazunguka, unazunguka pale pasipo kitu,
na shaba, sijui ni kwa nini,
hapo huwa na joto kidogo.

Orathai ananiita kutoka mlangoni.
Maua yamebaki ndoo mbili, na gari la kwanza
limeshatoka uwanja wa ndege.