Chumvi Isiyotiwa Mchuzini

Heiki alikuja Jumatatu, kijana wa Rakvere,
daftari jipya, pua nyekundu kwa baridi.
Saa sita mchana, karibu na dirisha, aliandika:
*Salfeti ya neodimi. Fuwele. Rangi ya urujuani.*

Saa tisa jua la Sillamäe likazama.
Ndiyo, saa tisa alasiri; Desemba haina haya.
Tukawasha taa za mirija,
naye akanijia, chupa mkononi, uso umemshuka:
"Rimma Osipovna, nimebadilishiwa chupa. Hii ni buluu."
Na jicho lake likamtafuta Taisia.

Sikumcheka. Mwaka wangu wa kwanza mimi nililia.
Nilizima taa, nikawasha kurunzi yangu kuukuu,
ile ya balbu yenye waya,
na urujuani ukarudi taratibu, kama mtu aliyetoka nje kidogo.
Chupa ni ile ile, nikamwambia.
Mwanga ndio uliobadilika, nawe hukuuandika.

Jumatano akataka kuiyeyusha upesi.
Akabandika bilauri motoni kama mpika uji.
Sukari hukubali hivyo, na chumvi ya mezani.
Hii ukiichochea moto inajitoa majini,
punje kwa punje, inakaa chini, inakutazama.
Baridi ndiyo inayoilainisha.
Nilimwacha aone mwenyewe.

Miwani kwanza, halafu glavu, halafu salamu.
Vumbi lake usilifagie, futa kwa kitambaa kibichi;
likipanda halibishi hodi,
si jichoni, si pafuni.
Kaza kifuniko.
Usiimwage kwenye sinki: maji yale yana safari,
na mwisho wa safari kuna samaki, na mla samaki.

"Ya nini basi, mateso yote haya?"
Nikamwonyesha kidude alichokichomeka sikioni
akidhani simwoni.
Ndani yake mna sumaku, na ndani ya sumaku mna huyu.
Na leza iliyomfungulia mama yangu jicho kule Narva,
akaisoma tena sindano na uzi,
fuwele yake ilitiwa huyu huyu.
Akakichomoa. Akakigeuzageuza kiganjani.

Jioni nimenawa mara tatu, ingawa nilivaa glavu.
Viazi vinachemka.
Nje bahari yetu, ambayo karibu haina chumvi,
imeanza kuganda ukingoni.
Nanyunyiza chumvi ya dukani, nyeupe,
kisha nazima taa, nawasha mshumaa,
naitazama tena.
Nyeupe.