Fomu Haina Safu ya Kicheko

Namba ya chupa niliiandika mwenyewe, kwa kalamu ya buluu,
katika daftari la shule, mjini Kajaani,
siku ambayo ukumbi wa michezo ulinuka mpira na sufu mbichi
na watoto mia mbili na kumi na wanne
walipanga mstari, mikono ya mashati imekunjwa hadi begani.

Wa hamsini na ngapi sijui, alikuja Jalmari.
Hakulia. Aliniuliza kama nina mbwa.
Nikamwambia ninaye, anaitwa Peni,
na kabla hajauliza rangi yake
sindano ilikuwa imeshatoka.

Homa ya mwaka ule iliua watu. Nasisitiza hapo,
kwa kuwa wapo watakaonisoma nusunusu.
Watoto mia mbili na kumi na watatu
walirudi darasani na pamba mkononi,
wakakua, wengine wakaota ndevu, wakanisahau.
Ndivyo inavyotakiwa.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Jalmari alilala juu ya uji wake.
Si malale; huku hakuna mbung'o.
Usingizi tu, unaoingia bila hodi,
darasani, kwenye baiskeli, katikati ya neno.
Na akicheka
(hapa ndipo mama yake aliposhindwa kuendelea kunisimulia)
akicheka, magoti yanamsaliti,
shingo inalegea, anaanguka
kama koti lililochomoka kwenye msumari,
macho wazi, akisikia kila kitu.

Basi akajifunza kutocheka.
Umri miaka kumi na mmoja, uso kama mlango wa benki.

Sirkka aliniletea fomu: kurasa kumi na tisa.
"Nani mwingine anaijua ile namba?"
Tuliijaza jikoni kwangu, kahawa ikipoa,
niliyemdunga nikiandika, aliyemzaa akisema.
Saa za kulala mchana: taja.
Asilimia ya uwezo uliopotea: taja.
Gharama za dawa: ambatisha risiti.
Tukatafuta mahali pa kuandika kicheko.
Hapakuwapo.
Tukakiandika ukingoni, kwa herufi ndogo,
kama watu wanaoiba.

Helsinki walijibu kwa lugha iliyopigwa pasi:
uhusiano haujathibitishwa kwa kiwango cha kutosha.
Mwaka. Miaka mitatu. Wataalamu wanne,
mmoja wao akauliza kama mtoto si mvivu tu.
Majirani walitaka niape kwamba chanjo ni sumu;
wakubwa zangu walitaka ninyamaze, watu wasije wakaogopa.
Sikuapa. Sikunyamaza.
Nilisema: ngao ilimkata aliyeishika,
na sisi wote tulikuwa tumejibanza nyuma yake.
Kweli mbili zinalala kitanda kimoja
zikigombania blanketi.

Dawa ya deni ni kulipa,
na hiyo ndiyo dawa pekee
ambayo sikuwa nayo kabatini.

Mwaka wa saba bahasha ikaja.
Neno pole halikuwamo.
Palikuwa na kiasi, cha kila mwezi, koma ikiwa mahali pake.
Sirkka aliisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi,
kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jalmari, mrefu sasa kunizidi, alinunua sofa.
Pana, nzito, rangi ya haradali, mito mingi kupita kiasi.
Mama yake alitaka aweke akiba.
Mimi niliitwa nikaione.
Akaketi katikati kabisa, akapiga mto ngumi,
akasema: "Haya. Yule mbwa wako. Alikuwa wa rangi gani?"

Nikamwambia ukweli: kijani.
Wiki ile tulikuwa tunapaka rangi uzio.

Kikaanza pembeni mwa mdomo.
Kichwa kikaenda upande, mikono ikafunguka,
akaporomoka taratibu kwenye mito,
macho wazi,
nami nikakaa kando yake, nikihesabu sekunde kwa mazoea,
nikimngoja arudi.