Athari

Jarida letu lina athari ya mbili nukta nne.
Nilimwambia hivyo Bi Zawana, jikoni kwake, Ibra,
naye hakuacha kuchambua tende:
"Basi saa moja na dakika kumi na mbili.
Yatosha mitende mingapi?"

Kwao athari ni nusu saa ya maji ya falaji:
hurithiwa, huuzwa, huwekwa rahani,
huazimwa usiku pasi na karatasi.
Kwetu chuoni, Nizwa, ni namba
ya kumlainisha mkuu wa idara.

Tulikuwa watatu: mimi, Rayya wa takwimu,
na Shihabu wa kompyuta, ambaye Kiswahili chake
kinaanzia "haya" na kuishia "pole".
Tuliuliza nyumba mia mbili na kumi na nne:
nani humwazima nani maji, nani humwamsha nani
zamu ikimwangukia saa nane za usiku.
Kila nyumba kifundo, kila hisani uzi.
Mchoro ulipotokea kwenye kioo
ulifanana na nywele za mtoto aliyetoka kulala.

Katikati hakuwapo wakili wa falaji,
wala mwenye mitende.
Alikuwapo yeye, Zawana binti Msellem,
asiyemiliki hata tone,
aliyekuja toka Wete na sanduku la bati,
ambaye usingizi ulimpa talaka siku alipofiwa na mume.
Nyota za zamu alizijua kwa majina ya huku,
akazihesabu kwa lugha ya kwao,
kisha simu: "Amka. Maji yako."

Tukamfuta, kwa majaribio tu.
Mtandao ukakatika vipande vitatu.
Tukauita Mchoro wa Tatu, tukanunua halua.

Miezi kumi na minne.
Mhakiki wa Kwanza alisifu, kisha akataka
turejelee makala nne, zote za mtu mmoja.
Mhakiki wa Pili aliandika mstari:
*Kifundo namba 87 ni hitilafu. Kiondolewe.*
Tunamshukuru mhakiki kwa jicho lake kali, nikaanza,
kama ilivyo ada, na kwa kurasa sita
nikamtetea mtu nisiyeruhusiwa kumtaja jina.

Alifariki Shaabani.
Nilifika matangani siku ya pili, nikala, nikalia.
Usiku, naungama, nilitega saa,
nikaketi ukingoni mwa mfereji kama mdai
kungoja kijiji kikatike vipande vitatu.

Saa nane kasorobo, mwanga wa simu
ukaja unarukaruka juu ya mawe.
Delwar. Kibarua, mtu wa Sylhet,
anayelima mashamba ya watu sita kwa mshahara wa mmoja.
Akagonga mlango wa kwanza. "Amka. Maji yako."
Kwa Kiswahili! Na ndani, mzee wa Kiarabu
akajibu kwa kikohozi, kama aliyezoea.
Akang'oa jiwe na tambara, maji yakageuka,
akaenda mlango wa pili.

"Miaka minne," aliniambia, "yeye macho, mie miguu.
Magoti yake hayakuwa na kazi tena,
na wengine simu huzizima."
Hatukumwuliza. Dodoso letu lilisema *mwenye nyumba*.
Yeye hulala kwenye banda la pampu.

Asubuhi, barua ya mhariri: *tunayo furaha kukujulisha.*
Rayya alipiga kigelegele simuni. Nilipomweleza
alinyamaza muda mrefu, halafu:
"Unajua upandishwaji cheo wako ni mwezi ujao?"
Najua. Na wake pia.

Nikaandika: *Mheshimiwa Mhariri,
Mchoro wa Tatu una kosa, nalo ni letu.
Tuliuliza hati za maji. Hatukuuliza mikono.*
Nikaambatisha nyuzi mia na tisa,
zote za mtu mmoja mwenye viatu vya mpira.

Jana majibu yamekuja. Ni Mhakiki wa Pili.
Anauliza kifundo namba 215 kimetokea wapi,
na kwa nini hakikuwamo tangu awali.

Swali zuri.
Nimepewa siku thelathini.