Swali la Lehemu

Daktari wa Mvumi kamwambia mama ana lehemu nyingi,
naye kanipigia usiku, kwa salio la kuazima:
"Lehemu, Nyemo? Ile ya fundi redio?
Mimi sufuria, niungwe wapi?"
Kisha kwa sauti ya chini, kama anayejitetea barazani:
"Nyama nilikula Pasaka. Siku zote ni ugali wa uwele
na mlenda. Hayo mafuta
yameniingia kwa mlango gani?"

Hayakuingia, mama. Yametengenezwa humo humo.

Ndani ya ini lako kila seli ina karakana,
na karakanani kuna kimeng'enya kimoja
kilichoshika ufunguo wa kazi nzima.
Hakimsubiri mchinjaji. Kinaanza na vijipande
vya ugali ule ule wa uwele,
hatua kwa hatua, thelathini hivi, mpaka nta.
Na usiichukie hiyo nta:
bila yake ukuta wa seli hulegea
kama tembe lililoloweshwa na mvua ya Januari.

Kuna mjumbe amefungwa humo.
Lehemu ikiwa tele, mlinzi humshika mkono: Kaa.
Ikipungua, humwachia;
mjumbe anasindikizwa, anakatwa mara mbili
(ndiyo, anakatwa, kipande tu ndicho hufika kwenye kiini)
na kipande hicho kinaamuru:
ongezeni vimeng'enya, ongezeni milango.
Lehemu ikizidi tena, kimeng'enya chenyewe
hubandikwa alama, hupelekwa kusagwa. Bila kesi.

Nalikumbuka ghala letu.
Mwaka ule mvua zilipotukimbia
ulipima uwele kwa kopo, baadaye kwa kiganja,
baadaye ukauficha mchi
tusije tukatwanga kwa mazoea.
Hakuna aliyekufundisha. Uliingiza mkono gizani,
ukagusa kimo cha nafaka, ukajua.
Seli nayo hupapasa hivyo hivyo.

Ila zako siku hizi vidole vimekufa ganzi.
Uzee, labda. Labda ni damu ya ukoo:
babu alianguka shambani akipalilia, hatukuuliza.
Nashinda maabara Dodoma mjini, na bado sijui.

Kidonge walichokupa kinakalia kiti cha kimeng'enya.
Karakana inadhani njaa imeingia,
inatoboa milango mipya ukutani,
inaivuta lehemu kutoka kwenye damu.
Kinywe usiku, maana usiku ndipo inapochangamka.
Ni uongo, mama. Uongo mdogo, kila siku.

Kimya. Nikasikia upepo ukipekua bati lake,
mbwa wa jirani, kikohozi.
"Kumbe nilidanganye ini langu," akasema,
"kwamba halijala."
Akacheka kidogo.
"Nyie niliwadanganya miaka mingapi
kwamba mimi nimeshakula."

Salio likakatika kabla sijajibu.