Daftari la Tarishi

Miaka thelathini na mmoja nilipeleka barua
vilimani Waldviertel, kwa baiskeli, kisha kwa gari la manjano,
na mbwa wa huko siwajui kwa majina,
nawajua kwa meno.

Ndiyo maana mwalimu Ottilie Prammer aliponijia
mwezi wa Februari, theluji imemganda kwenye buti,
hakuniuliza habari za afya.
Alitandaza mezani picha moja iliyofifia:
mbwa wa rangi ya kutu, kifua cheupe,
sikio moja limesimama, la pili limelala
kama mtu aliyesikia nusu ya habari.
"Umewahi kumwona wa namna hii?"
Alikuwa amezunguka vijiji kumi na viwili
akapata jike mmoja tu, Gundi, wa miaka sita,
na wa kumwoza hakuna.

Nikakunja suruali.
Kovu hili, nikamwambia, ni la kwa Schachinger, mwaka wa mafuriko.
Hili la chini ni la babake.
Na hili dogo ni la bata bukini, liache.

Mwalimu akavaa miwani, akainama,
akapima kwa kidole upana wa taya,
akaandika.
Sijawahi kuona mtu akiufurahia mguu wangu namna ile,
hata marehemu mke wangu.

Alois Schachinger alitupokea uani, ndoo mkononi.
"Huyu? Huyu ni mbwa tu.
Hana kabila.
Huleta ng'ombe, huua panya ghalani,
jioni huwaswaga kuku bandani,
hujua lori la maziwa kabla halijapinda kwenye msalaba wa mawe,
na mjukuu wangu alipokuwa anatambaa
alimburuta kwa nepi kutoka ukingo wa bwawa.
Lakini mbwa wa maana? Nendeni mjini.
Huko wana vyeti."

Asiyekujua hakuthamini, husemwa;
ila Alois alimjua hadi harufu ya usingizi wake.
Asilolijua ni kwamba wengine wamekwisha.

Tukamwomba kwa wiki moja. Akakataa.
"Na kuku atawafungia nani?
Mimi?"

Basi bibi harusi ndiye aliyesafirishwa,
Gundi, kiti cha nyuma, juu ya blanketi la mwalimu,
akitapika kila kona.
Siku tatu alimfukuza yule dume mpaka uvunguni mwa trekta.
Siku ya nne tulikuwa ndani tunakunywa supu ya viazi
na hakuna aliyechungulia dirishani.
Hayo mengine ni ya kwao.

Mei, watoto watano. Mmoja hakufika asubuhi.
Wanne mwalimu aliwapima kwa mizani ya jikoni,
akanikabidhi daftari, kwa kuwa mwandiko wangu, asema,
umezoea anwani.
Nimeandika rangi, uzito, mama, baba.
Baba wa baba: *tazama mguu wa mwandishi.*

Wanakuja watu kutoka Linz, wenye bustani za ukubwa wa leso,
wanauliza kama hubweka. Hubweka.
Kama huchimba. Huchimba.
Kama hupenda wageni.
Mwalimu hufunga daftari taratibu.
Mbwa wa kazi asiye na kazi, husema, hujitafutia,
na hiyo atakayoipata hamtaipenda.

Septemba Alois aliuza ng'ombe wake wa mwisho.
Dume alilifuata lori hadi kwenye msalaba wa mawe,
akasimama,
akarudi akigeuka nyuma, kama aliyekosea hesabu.
Usiku simu ikalia.
"Yule mwenye sikio la kulala, umeshampa mtu?"
Bado.
"Usimpe. Huyu wangu anazeeka."
Nikamkumbusha kwamba ng'ombe hana tena.
Akanyamaza, nikasikia saa ya ukutani mwake.
"Mlango ninao," akasema.

Nilimpeleka mwenyewe.
Uani mtoto akashuka, akanusa kiatu changu, soksi,
akapanda polepole mpaka kwenye kovu la babu yake,
akafikiri kidogo,
akang'ata.

Nikatoa kalamu.
*Anafaa.*