Mizani

Miaka ishirini na tisa nilikuwa karani wa mizani
bandarini Kilindini. Chai, kahawa, simsim, chuma chakavu,
vyote vilipita mbele yangu, nami nikaandika.
Hila zote nilizijua: dereva amwagaye dizeli
kabla ya kupanda daraja la kupimia,
tajiri atiaye mchanga kwenye magunia ya korosho.
Sikumsamehe mtu hata kilo moja.
Nilijiona mwadilifu. Pengine nilikuwa.

Sasa nimestaafu, na kila Jumamosi
navuka Makupa na begi la kitambaa
hadi Bangladesh, kule Mikindani, kwenye kibanda cha chama chetu
(jina refu, wafadhili wachache, kiti kimoja kizima).
Mutheu hushika daftari. Mimi hutundika mizani kwenye boriti,
ile ya saa, yenye ndoana, kama ya wauza nyama,
na chini yake suruali ya turubai
ambamo watoto hutiwa miguu, wakaning'inia,
wakinitazama kama waliokamatwa.

Kilo sita na nusu. Kilo saba na gramu mia mbili.
Chini ya mstari, unga wa lishe.
Juu ya mstari, pongezi.

Marehemu baba alikuwa mtu wa mashairi.
Alihesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane,
akigonga ukingo wa kitanda hata usiku wa manane,
na ubeti uliopungukiwa aliuita guni, akautupa.
Neno hilo hunijia pale kibandani,
nikalimeza.

Mvua ya mwaka ilikuwa imetuachia matope ya vifundoni
alipokuja Dama, anayewafulia watu nguo Magongo,
na Luvuno wake wa miezi kumi na minne.
Mshale ukatikisika, ukatulia.
Gramu themanini juu ya mstari.
Mutheu akapiga makofi. Foleni ikapiga vigelegele.
Dama hakupiga.
Akamvua mtoto fulana. Akamvua shanga za kiunoni.
Mwisho akaifungua hirizi ya shingoni,
akaiweka mezani taratibu, kama mtu awekaye rehani,
akasema, "Mpime tena, baba. Hivyo ndivyo alivyo."

Hila zote nilizijua. Hii sikuijua.
Nikampima. Gramu ishirini juu.
Nikaandika.
Akamvisha mtoto, shanga kwanza,
akaniuliza bila ukali, kama aulizaye bei ya mchicha,
"Kwa hiyo kosa langu ni kumnenepesha?"

Siku hiyo nilitembea kwa miguu mpaka Changamwe
na matope yakikaukia viatuni,
nisipate la kujijibu.

Baada ya wiki tatu Luvuno alirudi mwepesi.
Gramu mia tatu na kumi zilikuwa zimekwenda,
sijui wapi: kwa kuhara, kwa deni la dukani,
kwa ndugu zake wawili waliokula naye sahani moja.
Mstari uliridhika. Tukampa unga,
pakiti kumi na nne, dole gumba kwenye wino.
Dama alitabasamu, akashukuru,
na mimi niliyepima meli nzima za mizigo
shukrani ile sikuweza kuibeba.

Nimeiandikia ofisi: mtoto akivuka mstari
msimwachishe siku hiyo hiyo,
mpeni mwezi mmoja ashike ardhi.
Wamenijibu kwa upole, kurasa mbili, habari za bajeti.

Nyuma ya mizani kuna skrubu ndogo
ya kurudisha mshale kwenye sifuri.
Kila Jumamosi huigusa kabla ya kuanza,
ndivyo tulivyofundishwa.
Leo nimeigusa kwa muda mrefu.
Mutheu amefungua ukurasa mpya, amepiga mistari kwa rula,
ananiuliza, "Mzee, iko sawa?"
Mlangoni foleni imeshafika kwenye mfereji,
mtoto wa kwanza amekwisha kuvuliwa fulana,
na kidole changu bado kiko juu ya skrubu.