Picha Mbili za Mti

Fundi Mfaume kaniachia vipande viwili mlangoni,
kila kimoja urefu wa kiganja hadi kiwiko.
Chagua kabla ya Ijumaa, Somoe,
Jumamosi nina kazi Nachingwea.

Kimoja lamineti: unga wa mbao ulioshindiliwa,
juu yake picha ya mti,
juu ya picha ngozi ngumu inayong'aa.
Kingine vinaili: plastiki tupu,
juu yake picha ya mti uleule.
Nimevigonga. Cha kwanza kinajibu ko, ko,
kama mgeni anayejiamini.
Cha pili hakijibu.

Hapa Mtanda nyumba zinakunywa.
Chumvi inapanda ukutani hadi kiunoni,
rangi inabanduka vipande vipande,
na mvua ya ubavu ikija
inapita chini ya mlango bila hodi,
nami naamka saa tisa usiku na tambara la deki.

Halafu kuna mama.
Mama na udhu wake mara tano kwa siku:
kutoka bafuni hadi kwenye mswala hatua kumi na moja,
matone yakimfuata kama vifaranga.
Niliwahi kumwambia ajifute miguu.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mtoto wake.

Baba alipasua mvule Rondo miaka ishirini na miwili.
Akirudi mwisho wa mwezi, unga wa msumeno kwenye nyusi,
tulimnusa kabla ya kumsalimia.
Vidole viwili vya mkono wa kushoto
alivitanguliza kaburini hukohuko.
Mbao zake zilikwenda kwenye sakafu za watu
ambao hatukuwahi kuwaona miguu.
Yetu ilikuwa udongo, tukiisiriba kila Alhamisi.
Simenti ilikuja yeye ameshazikwa.

Na leo binti yake
anachagua kati ya picha mbili za mti.

Usiku nikaviloweka vyote kwenye beseni la kufulia.
Asubuhi lamineti imevimba pembeni
kama andazi lililosahauliwa kwenye chai.
Vinaili imetoka kama ilivyoingia,
bata kabisa.

Nikadhani yamekwisha. Mfaume akacheka.
Vinaili haijui kutunza siri, dada.
Punje ya mchanga ikilala chini yake
unyayo utaitaja mwaka mzima.
Sharti tusawazishe sakafu kwanza.
Akaandika gharama kiganjani kwa kalamu,
akanionyesha, akafumba ngumi upesi
kama mwenye aibu.
Nikapiga hesabu ya mshahara wa zahanati,
nikaipiga tena kuanzia nyuma,
jibu likagoma.

Akafungua boksi hata hivyo,
akatandika mbao sita chumbani kwa mama, bila gundi, aone tu.
Mama akavua ndala. Akatembea. Akasimama.
Akaonyesha kwa kidole gumba cha mguu:
fundo hili.
Na hili.
Na lile kule karibu na kitanda.
Fundo moja, mara tatu.
"Somoe, mti huu ulikuwa na pacha wangapi?
Baba yako angeurudisha."

Mfaume akajifanya anatafuta tepu yake ya kupimia.

Adhana ikaanza, mama akaenda kutawadha,
akarudi na vifaranga wake
juu ya picha ya mti.
Wakakaa pale, duara duara,
wala hawakuzama.
Akawafuta kwa ncha ya kanga. Pakavu.
"Uongo," akasema,
"lakini uongo usiovimba."

Tumechukua vinaili, chumbani kwake na ukumbini basi.
Kwangu simenti itabaki na nyufa zake,
nazijua kwa majina.
Kile kipande cha lamineti sikukitupa:
mama amekisokomeza chini ya kabati,
kwenye ule mguu mfupi. Kimeenea.

Siku nikifagia huko nainama, nakinusa.
Gundi. Gundi zaidi.
Halafu, mbali sana, nyusi za baba.